Jozi ya Arobaini na Moja

Amri ya Mkuu ilikuwa fupi: "Leta daftari kabla ya saa nne. Waziri anasaini kuidhinisha kidonge chao."

Jasusi Nyundo alikuwa tayari anashuka ngazi za kampuni ya dawa, daftari la mapokezi la hospitali ndani ya koti, bastola ya Glock kiunoni, walinzi wawili nyuma yake. Wa kwanza alikula kiwiko cha taya, akalala.

Wa pili akaona bora uhai.

Garini, Mtakwimu alimsubiri na kompyuta mapajani.

"Hesabu zao ziko sawa," alisema. "Waliokunywa kidonge cha moyo wamekufa nusu ya wasiokunywa. Ila wamefuta safu moja."

"Ipi?"

Manesi wa mapokezi walikuwa na mazoea yao. Pembeni ya kila mgonjwa waliandika: amekuja kwa miguu, au amebebwa. Madaktari waliwapa kidonge waliokuja kwa miguu. Waliobebwa walikosa, wakafa kwa ugonjwa wao, na kidonge kikasifiwa. Wajinga ndio waliwao, na safari hii wajinga walikuwa nchi nzima.

Kalamu yenye kamera ilizisoma kurasa.

"Kila mgonjwa nampigia hesabu," Mtakwimu alieleza. "Umri, presha, figo, miguu au machela. Uwezekano wake wa kupewa ulikuwa kiasi gani? Halafu naoanisha waliolingana: mmoja alipewa, mwenzake hakupewa. Hapo ndipo kidonge kinapimwa chenyewe."

Zilitoka jozi mia tatu. Waliokunywa walikufa mara mbili ya wenzao.

Matokeo yakarushwa kwa Mkuu.

Nyundo hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameikodolea macho jozi ya arobaini na moja. Wanawake wawili, miaka sitini na mbili, wote wamekuja kwa miguu, siku moja, mistari miwili inayofuatana. Wa kwanza alipewa, amefariki. Wa pili hakupewa, yu hai.

"Huyo wa kwanza ni mama yangu."

Mtakwimu aligeuka kumtazama.

"Wa pili alikuwa nyuma yetu kwenye foleni. Dozi ilibaki moja, na daktari alitaka kumpa yeye. Nikatoa kitambulisho cha kazi."

"Pole, kaka. Hukujua."

"Mama aliona aibu. Aliniambia, mwanangu, mwache mwenzangu apate. Nikamwambia anyamaze."

Redio ilikoroma. "Nyundo, waziri hajasaini. Mkurugenzi wao tumemtia pingu. Kazi nzuri."

"Sawa, Mkuu."

Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akashuka garini, akavuka barabara taratibu bila kugeuka. Mtu angemwona angedhani hana neno moyoni.

Mama alikuja hospitali kwa miguu yake. Nyundo ndiye aliyembeba kutoka.