Mashimo ya Nyani

Kombi ilikufa saa sita na robo mchana, kilomita ishirini na tatu kutoka lami ya Magadi, ikiwa na kitanda cha kukunja, sinki ya bati inayong'aa, mapazia ya maua na tangi la lita sitini la maji yasiyonyweka.

Kwanza walisikia jiwe. Liligonga tumbo la gari mara moja, kama rungu mlangoni, na Mwanzia akasema, "Hakuna kitu," bila kupunguza mwendo. Mkewe Mbithe aligeuka kumtazama binti yao Syokimau aliyekuwa nyuma, akaona mstari mweusi wa oili ukiwafuata vumbini. Kabla hajafungua kinywa taa nyekundu iliwaka, injini ikapiga kelele, ikakaza, ikanyamaza.

Mwanzia alikimbia nyuma, akafungua mlango wa injini, akashika chuma ambacho mtu mwenye akili zake hakishiki. Ngozi ya kiganja ilibaki pale pale, ikitoa moshi.

"Usipake kitu," Mbithe alimwambia. Alirarua foronya, akamfunga mkono huku amekunja pua kwa harufu ya nyama iliyoungua. "Kaa chini. Kutoka hapa mpaka barabarani ni mbali gani?"

"Kama ishirini na tatu hivi. Mama Syo, pole..."

"Pole weka. Nani hupita hapa?"

Mwanzia alitazama vichaka vya miiba, mawe, na joto lililokuwa likicheza juu ya mawe. "Ramani inaonyesha huko mbele kuna mahali pa kutazama bonde."

"Sijakuuliza ramani. Nimeuliza nani hupita."

Hakuna aliyepita. Si saa nane, si saa kumi.

Safari hiyo ilipangwa Julai nzima, juu ya meza ya kulia, katika nyumba yao ya Nairobi, karibu na Adams Arcade. Mwanzia alifundisha jiografia, na alikuwa na daftari. Kituo cha kwanza kilikuwa Ngong, kunywa chai penye upepo. Kituo cha pili Olorgesailie, kuona mawe ya watu wa kale. Cha tatu ziwa lenyewe la magadi. Cha nne kilikuwa hilo bonde lisilo na jina, alilolipigia mstari mara mbili na kuandika pembeni: mandhari ya ajabu. Ulikuwa mwaka 1984, mvua ilikuwa imekataa, na watu walikuwa wakipanga foleni ya unga wa manjano. Mbithe alichukizwa na wazo lenyewe, la mtu kufunga mapazia ya maua kwenye gari aende kutazama nchi inavyokauka. Lakini Syokimau, binti yao wa miaka tisa, alikuwa amevichora vituo vyote kwa kalamu za rangi na kubandika picha hizo juu ya kitanda chake. Mbithe akapakia sufuria.

Ukitaka kujua Mbithe alikuwa mtu gani, wangekuambia wenye mabucha. Alikuwa na diploma ya afya ya jamii, koti jeupe na tochi. Alikagua hoteli na vibanda vya barabara ya Kinoo, na uchafu aliusikia kwa pua kabla macho hayajaufikia. Wiki moja kabla ya safari aliingia kibanda cha Nyakio, mama muuza chai, akafunua pipa la maji. Juu yake palielea mabuu. Nyakio alieleza kwamba mfereji ulikuwa umekauka siku kumi na moja, na pipa hilo alilijaza bondeni, mgongoni, debe kwa debe.

"Hata nguruwe ungemwonea ukimpa haya," Mbithe alisema, akalisukuma pipa kwa mguu. Lilianguka. Nyakio alisimama akitazama ardhi ikinywa maji yake mpaka yakaisha.

Sasa, kuhusu maji ya kombi. Dereva yeyote anayeteremka Magadi hubeba madumu mawili ya maji nyuma ya kiti, si kwa sababu ana kiu, ila kwa sababu rejeta itachemka. Gari likiharibika, watu hunywa maji ya gari. Lakini kombi haina rejeta. Injini yake hupozwa kwa upepo, na Mwanzia alijisifia jambo hilo tangu siku aliyoinunua. "Gari yangu hainywi maji," aliwaambia walimu wenzake. Na kwa vile gari halikunywa, hakubeba dumu hata moja. Maji ya watu yalikuwa kwenye tangi.

Tangi lilitengenezwa Ngara na Inderjit, fundi hodari, aliyelipaka rangi ya mafuta kwa ndani lisishike kutu. "Mwalimu," alimwambia, "hii rangi wacha wiki tatu, mdomo wazi, ikauke kabisa. Halafu osha mara tatu. Nasema tatu, si moja." Mwanzia aliacha siku nne, akaosha mara moja. Shule zilikuwa zimefungwa, na hakuweza kungoja.

Mbithe alifungua bomba, akanusa. Harufu ya tapentaini ilimpanda mpaka kwenye macho. Juu ya maji palitambaa utando wenye rangi za upinde wa mvua.

"Tukichemsha?" Mwanzia aliuliza.

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuui rangi. Mtu asiguse."

Waligawana chai iliyobaki kwenye chupa na nusu ya sharubati. Mwanzia alitaka kutembea mpaka lami, na Mbithe akamkatalia. Mtu asiye na maji, mwenye jeraha bichi, kwenye jua lile, angeanguka kabla ya nusu ya njia.

Syokimau hakusikia yote hayo. Alikuwa amelala nyuma. Alipoamka na kiu alifanya kile alichosubiri Julai nzima kufanya: akafungua bomba lake zuri la sinki, akajaza kikombe, akanywa, akajaza tena.

Alianza kutapika kabla jua halijazama. Alitapika mapaziani, kwenye godoro jipya, kwenye mikono ya mama yake. Kisha akaanza kuhara. Kombi ikanuka kama choo cha stendi. Mbithe, aliyekuwa amefunga vyoo vya stendi vitatu, alifuta na kufuta mpaka matambara yakamwishia.

Kulipopambazuka mtoto hakuwa na machozi ya kulilia. Mbithe alifinya ngozi ya tumbo lake. Ilibaki imesimama, kama kitambaa. Macho yalikuwa yamezama. Alijua maana yake: maji yalikuwa yakimwishia mwilini. Dawa yake ndiyo aliyowafundisha akina mama kliniki kila Jumanne: sukari, chumvi, maji. Sukari alikuwa nayo kilo mbili. Chumvi alikuwa nayo.

"Baba Syo, kwenye ramani yako mto uko wapi?"

"Kuna korongo, kilomita moja hivi upande wa machweo. Lakini ni kavu. Mstari wa nukta. Hakuna maji."

"Kaa naye. Mlaze kwa ubavu. Akilala sana, mwamshe, hata kama ni kumpiga."

Alichukua sufuria, kikombe cha bati na shuka. Miiba ilimchana miguu, jua likawa tayari limeamka na hasira. Korongo lilikuwa mchanga mtupu, mpana kama Ngong Road, ukiwaka. Mbithe alisimama ukingoni, na kwa muda akawachukia wote. Alimchukia mume wake na nukta zake, akajichukia mwenyewe aliyeketi kwenye kiti cha mbele bila kuuliza yako wapi madumu.

Kisha akasikia kelele. Nyani.

Walikuwa kumi na tano au zaidi, kwenye kona ambapo mto uligongana na mwamba. Walikuwa wakichimba. Dume mmoja alizamisha kichwa shimoni mpaka mabegani, akatoka na ndevu zinazodondosha.

Mbithe alirusha mawe. Alipiga sufuria kwa kikombe, akapiga mayowe ambayo hakuyapiga tangu utotoni, na nyani wakapanda mwamba wakimtukana kwa lugha yao. Dume yule alikojoa akiwa pale pale juu, makusudi kabisa.

Mashimo yalikuwa manne. La kwanza lilijaa kinyesi. La pili lilikuwa na manyoya na kitu kilichokufa. La tatu na la nne yalikuwa na maji yapata vikombe viwili kila moja, ya kijani, mazito, yakitembea kwa wadudu. Harufu ilimfanya ageuke na kutapika, ingawa tumboni hakukuwa na kitu.

Aliijua harufu hiyo. Ilikuwa ya Mwingi, ya mto wa kwao kila kiangazi. Kila asubuhi mama yake alimpigisha magoti kwenye mchanga wa namna hii, achimbe kwa kata, angoje, achote, amsogeze punda, angoje tena. Siku aliyopata barua ya chuo aliapa kwamba magoti yake hayatagusa mchanga wa mto maisha yake yote.

Alipiga magoti.

Hakugusa mashimo ya nyani. Mama yake alimfundisha: mnyama hukuonyesha maji yalipo, lakini usinywe alipokunywa. Nenda upande wa juu yanakotoka, hatua kumi, karibu na mwamba. Alichimba kwa sufuria, kisha kwa kikombe, kisha kwa mikono. Mchanga mkavu uliporomoka. Akapanua mdomo wa shimo, akaanza upya. Kucha zilivunjika. Alipofika kina cha kiwiko mchanga ukawa baridi. Alipofika kina cha mkono mzima ukawa mweusi, na maji yakaanza kuja taratibu, kama jasho.

Maji ya kwanza aliyatupa. Ya pili pia, ingawa ulimi wake ulikuwa umevimba. Ya tatu aliyachuja kwa shuka iliyokunjwa mara nne. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na yalinuka majani yaliyooza na nyani.

Kabla hajaondoka alikata matawi ya miiba kwa mawe, akaliziba shimo pande zote. Hakufikiria. Mikono ilifanya yenyewe.

Kwenye kombi aliyachemsha juu ya meko ya gesi, akihesabu dakika ishirini kwa saa ya mkononi, kisha akayatia sukari na chumvi.

"Hayo ni matope," Mwanzia alisema.

"Ndiyo. Shika kichwa chake."

Kijiko kimoja. Syokimau akakunja uso. "Mama, inanuka."

"Najua. Meza."

"Inanuka mavi."

"Meza, mama. Ukitapika nitakupa ingine."

Alitapika. Mbithe akampa kingine, kijiko kila dakika, saa nzima, na nyingine. Alirudi korongoni mara tatu siku hiyo, maana na wao wawili walihitaji kunywa. Kila mara nyani walikuwa juu ya mwamba, wakimtazama, na miiba ilikuwa mahali pake. Alasiri mtoto alikojoa kidogo, manjano iliyokolea. Mbithe alilitazama doa hilo kwenye godoro, akaketi kwenye ngazi ya kombi, akalia bila sauti. Mwanzia aliketi kando yake. Alimwekea mkono mzima begani, na hilo lilikuwa jambo la kwanza la maana alilofanya tangu waondoke Nairobi.

Asubuhi ya tatu, Mbithe aliporudi korongoni, alikuta punda wawili na wanawake wawili wa Kimaasai. Mkubwa wao, aliyeitwa Nasieku, alikuwa amechuchumaa kando ya shimo bila kuondoa mwiba hata mmoja.

"Ni nani amefunga hii?" aliuliza.

"Ni mimi."

Nasieku alimkagua kuanzia viatu vya ngozi mpaka kucha. "Wewe mtu ya Nairobi."

"Mtu wa Mwingi."

"Eee. Nilisema, huyu iko na mama alifundisha yeye." Akacheka, akasogeza miiba upande mmoja, akanywa moja kwa moja kwa kiganja, huku pua ya punda ikiwa begani mwake.

Mbithe alipowaeleza habari za mtoto, punda mmoja alimbeba Syokimau, kichwa kikiegemea blanketi lililonuka samli na moshi. Mwanzia alitembea nyuma, mkono umefungwa kifuani. Daftari alikuwa ameliacha ndani ya kombi, na hakuna aliyemkumbusha. Walianza safari kabla ya jua kukaza, wakapumzika mchana penye kivuli ambacho Nasieku alikijua, na jioni wakaikanyaga lami. Lori la kwanza lililopita liliwachukua.

Syokimau alilazwa siku tano, akapona. Kombi ilivutwa mpaka Ngara, ambako Inderjit alilitoa tangi, akalinusa, akamsogezea mwenye gari anuse. "Nilisema wiki tatu, Mwalimu," alisema, na Mwanzia akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu iliyofuata Mbithe alivaa koti jeupe, akaenda Kinoo. Nyakio alipomwona aliacha kukanda maandazi, akaja kusimama mbele ya pipa lake, mikono nyuma, amelishika.

"Madam, leo nakuomba."

"Sogea, Nyakio."

Nyakio hakusogea. Mbithe alinyoosha mkono juu ya bega lake, akafunua kifuniko, akamulika kwa tochi. Mabuu yalikuwa yamepungua. Harufu ilikuwa ile ile, na ilimpanda kama kawaida mpaka nyuma ya ulimi.

"Ni machafu."

"Najua, madam."

Mbithe alifunika pipa polepole, akabonyeza kifuniko mpaka kikakaa. Akatoa shuka safi mkobani, akaikunja mara nne, akamkabidhi.

"Chuja na hii. Kisha weka jikoni. Yakianza kutokota, uniambie nianze kuhesabu."

Akavuta benchi, akaketi, akaanza kungoja.