Lenzi ya Barakoa Namba Saba

Kila barakoa Paskalia aliiosha kwa namna ileile: beseni la maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya mtoto, kisha kitambaa laini cha kugusisha tu juu ya lenzi, bila kusugua. Jumamosi ile, saa mbili na dakika kumi asubuhi, alikuwa ameshika ya tano. Zilikuwa za zamu ya pili. Wachezaji wa zamu ya kwanza walikuwa tayari uwanjani nje kidogo ya Runzewe, wakifukuzana kwa bunduki za rangi kati ya vilima vya mchanga uliokwisha oshwa dhahabu.

"Mayu wane! Mama yangu! Jicho! Jicho langu!"

Barakoa ilimponyoka, ikatumbukia majini. Alikimbia.

Wiliam, mwendesha winchi ya kushushia watu katika duara moja, shimo refu la kuchimbia dhahabu, alikuwa amelala chali, miguu ikipiga mchanga. Lenzi ya barakoa yake ilikuwa imevunjika vipande, na kimoja kirefu kama kidole kilikuwa kimezama ndani ya jicho la kushoto. Damu na rangi ya machungwa vilimtiririka hadi sikioni. Alikuwa anajaribu kukichomoa mwenyewe. Paskalia alimshika mikono yote miwili na kuing'ang'ania mpaka gari lilipokuja.

Saa tatu na dakika arobaini Wiliam alifariki. Kipande kilikuwa kimefika kwenye ubongo.

Saa nne kasoro Inspekta Ghati aliposhuka kwenye gari la polisi, alikuta wachimbaji kama ishirini wamemzunguka mwanamke aliyepiga magoti. Mdomo wake ulikuwa umepasuka, na jiwe lilikuwa limemchana juu ya nyusi. Aliyekuwa mbele yao alikuwa Edson, rafiki wa marehemu, shati limelowa machozi na jasho.

"Barakoa anaosha yeye!" Edson alipiga kelele. "Rafiki yangu amekufa kwa uzembe wa huyu!"

Akainua mguu kumpiga teke. Ghati alijiingiza katikati, teke likampata yeye kwenye paja. Hakupaza sauti.

"Anayetaka kupiga tena, anipige mimi kwanza. Halafu tutaenda kituoni pamoja."

Walirudi nyuma. Ghati alimnyanyua Paskalia, akamkalisha karibu na beseni lake.

"Shikamoo, afande," Paskalia alisema, damu ikimdondoka kidevuni.

"Marahaba, mdogo wangu. Pole. Utanieleza baadaye. Kwanza nataka aliyempiga risasi."

Hilo halikuwa gumu sana. Rangi ya machungwa ilikuwa ya timu moja, na katika pembe ile ya uwanja timu hiyo ilikuwa na watu wawili tu: Edson na Adam. Barakoa ya Wiliam ilikuwa na madoa matatu, yote usawa wa jicho la kushoto.

"Mpinzani akiwa chini ya hatua kumi, humpigi," alieleza Mzee Maige, askari mstaafu mwenye uwanja. "Unamwambia ajisalimishe. Nawasomea kila asubuhi. Na hata ukimpiga, lenzi nzima haivunjiki. Mimi nimepigwa mara mia."

Ghati alianza na Adam, dereva wa bodaboda. Mikono yake ilinuka petroli, na kila mtu uwanjani alikuwa na la kusema juu yake: Alhamisi alipigana na Wiliam kilabuni, akamng'ata sikio.

"Ulimng'ata kwa nini?"

"Alinitukania mama, afande. Lakini sikio ni sikio. Mtu haui kwa sababu ya sikio."

"Leo ulifika saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro dakika tano. Pikipiki iliniishia mafuta njiani."

"Ulimpiga risasi Wiliam?"

"Bunduki yangu ilikwama mapema. Muulize Mzee, ndiye aliyekuwa anaifungua alipolia yule."

Maige alikubali kwa kichwa. "Kweli. Nilikuwa nayo mkononi."

"Basi alikuwa Edson," Ghati alisema.

"Mimi sikatai!" Edson alijibu kutoka nyuma, sauti imekauka. "Tulikutana ghafla nyuma ya kilima. Nikashtuka, kidole kikabana. Ni ajali ya mchezo. Ila lenzi nzima ingemwokoa. Nani kaharibu lenzi?"

Watu walimtazama Paskalia tena. Mmoja aliokota jiwe.

Ghati alifungua mfuko aliokusanyia vipande. Alivigeuza juani. Kingo zote zilijaa nyufa nyembamba kama mizizi.

"Kinachofanya hivi ni nini?"

"Petroli," Paskalia alisema. "Au thina, au spiriti. Ukifutia unaiona inang'aa, kumbe imeoza. Mimi sitii chochote hapo, afande. Jana saa kumi na moja niliiangalia lenzi ya namba saba, barakoa ya Wiliam, juani, nikaikunja kidogo. Ilikuwa nzima. Ina miezi miwili tu."

"Unajuaje miezi yake?"

Paskalia alisita, kama anayetoa siri ya jikoni kwake. "Kila lenzi naikwaruza namba ya barakoa yake kwa sindano, ukingoni, pale panapofunikwa na sponji. Kila mwaka tunabadilisha. Zikichanganyika sitajua ipi imezeeka."

Ghati alitafuta kipande cha ukingo, akakifuta damu kwa kidole. Mikwaruzo ilikuwa midogo, lakini ilisomeka.

"Hii ni nne."

Paskalia alifunika mdomo. "Nne ni ya Edson."

"Umeona!" Edson aliruka. "Amezichanganya mwenyewe!"

"Ungekuwa unaileta, ningezichanganya," Paskalia alimjibu, na mara ya kwanza sauti yake ilitoka wazi. "Wiki tatu sasa unaiosha nyumbani kwako."

Ghati alinyoosha mkono. "Nipe barakoa yako."

Hakuitoa. Adam aliichomoa kiunoni mwa Edson. Edson alimpiga kichwa cha pua, damu ikaruka, na askari wawili walimwangusha Edson kifudifudi mchangani.

Ghati aliing'oa lenzi ya barakoa ile. Ukingoni palikuwa pamekwaruzwa saba. Lenzi ilikuwa safi kama mpya, lakini sponji iliyoizunguka ilikuwa imeumuka, imekuwa nyeusi, na ilipobanwa ilitoa harufu ya petroli.

"Sponji imekula petroli wiki nyingi," Ghati alisema. "Lenzi iliyo ndani yake haijaonja hata tone. Kwa hiyo lenzi hii imeingia humu leo. Mzee Maige, nani alitoa namba saba stoo?"

"Edson. Saa moja na dakika ishirini. Alisema anampelekea mwenzake. Ndiyo kawaida yao."

"Alibadilisha kabla ya kumpa. Nzima akabaki nayo, maana naye alikuwa na macho ya kulinda." Ghati alichuchumaa karibu na kichwa cha Edson. "Petroli ulijulia wapi?"

Edson alicheka kwa uchungu, mchanga ukiwa midomoni. "Duarani. Tope la huko halitoki kwa maji, tochi ya kichwani tunaifutia petroli. Kioo cha yangu kilinipasukia usoni mwezi wa tano. Ndipo nikajua."

"Mwezi wa tano ndipo mdogo wako Cornel alipofia duarani," Maige alisema polepole. "Kamba ilikatika."

"Haikukatika! Wiliam alinieleza mwenyewe, amelewa, mwezi mmoja uliopita. Yeye na Cornel waligombania mwanamke. Cornel alikuwa ananing'inia kwenye kamba katikati ya shimo, yeye akaachia breki ya winchi. Mdogo wangu akanasa kwenye mbao, mguu umevunjika, anamwita. Akammulika kwa tochi. Akamwangalia mpaka aliponyamaza. Alinieleza huku analia, ananiomba nimsamehe. Nikamwambia nimesamehe."

Aliyeshika jiwe alilidondosha.

"Ungekuja kwetu," Ghati alisema.

"Na neno la mlevi mngelifanyia nini?"

"Sijui. Lakini huyu hapa angekufa leo kwa mawe yako." Alimwonyesha Paskalia. "Sasa nijibu. Umesema ajali mbele ya watu wote. Ilikuwa ajali?"

Edson alimtazama Paskalia, uso ulivyovimba. Machozi yalichora mistari kwenye vumbi la mashavu yake.

"Dada, wewe hujaharibu kitu," alisema. "Nilimwita kwa jina ili ageuke. Nilitaka anione. Nilikusudia kumuua."