Namba 31 Isiwashwe

Jumamosi, saa 9:20 alasiri. Euless.

Walikuwa watatu ndani ya stoo, nyuma ya saluni. Omer, mkubwa wao, aliweka picha mezani: gari la mbio, Mustang ya bluu ya mwaka 1969, namba 31 mlangoni. Msimu ule ilishindana mara kumi na mbili, ikashinda nne. Sasa ilikuwa pambo la tajiri mmoja wa Irving. Houston kulikuwa na mtu aliyeitaka bila maswali.

"Kesho saa tatu wenyewe wako church," Omer alisema. "Tunaisukuma mpaka mu trailer. Hakuna kuiwasha, munasikia?"

"Haina sailensa," Deo alieleza. Alikuwa fundi wa gereji ya tajiri huyo mpaka Machi. "Ukiiwasha, mtaa mzima utatoka nje."

"Na mtu akitujua?" aliuliza Majaliwa, dereva wa lori.

Omer aliweka bastola juu ya picha.

Jumapili, saa 3:05 asubuhi. Irving.

Gereji haikuwa tupu. Mlinzi, mwanamke mnene wa makamo, alikuwa ameinamia kikombe cha chai. Omer, uso umefunikwa kama wenzake, alimsukuma ukutani bila neno. Mama akajikwaa, akaanguka kwa magoti.

"Pole, mama," Deo akasema.

Lilimtoka lenyewe. Mtu aliyelelewa Bukoba hawezi kuona mwenzake akijikwaa akanyamaza. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa cha mtu mwingine.

Mama aliinua uso. "Deo? Ni weye? Deo wa chorale?"

Mama Marguerite. Mama yake Deo alipofariki, huyu alimpelekea ugali na sombe ya majani ya muhogo siku tisa mfululizo. Kwaya nzima ilijua Marguerite amepata kazi mpya. Hakuna aliyeuliza wapi. Deo alitamani ardhi immeze.

Saa 3:09.

"Sukumeni," Omer alisema. "Huyu niachieni."

"Omer, mwache! Hatasema."

"Amesema jina yako. Na weye umesema yangu."

Majaliwa aliinama nyuma ya gari, macho sakafuni. Deo aliingia kushika usukani, kama walivyopanga. Mbele yake zilikuwa swichi tatu alizozifunga mwenyewe: umeme, pampu, stata. Nje ya gari Marguerite alikuwa anasali, na Omer alikuwa amekwisha kuinua bastola.

Deo akawasha.

Namba 31 ikanguruma kama katika msimu wake. Vioo vikatetemeka. Mbwa wakabweka, milango ya majirani ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Majaliwa alikuwa wa kwanza kukimbia. Omer aligeuka, akapiga risasi mbili kupitia kioo cha mbele, naye akatimua mbio.

Marguerite alitambaa mpaka mlangoni mwa gari, akakishika kichwa cha kijana.

"Pole, mwana wangu," alisema. "Pole sana."

Deo hakuitika tena. Polisi walifika saa 3:16, wakahangaika muda mrefu na zile swichi. Hakuna aliyejua jinsi ya kuizima.