Sanduku la Mtama Mwitu

Risasi ilipasua kioo cha mbele cha Land Cruiser.

Nyakuon, jasusi wa serikali, alikanyaga mafuta zaidi. Hilux ya Keller, aliyekuwa akiwafyatulia, ilikuwa mbele yake, ikikata mtaa wa Thongpiny kuelekea uwanja wa ndege. Kwenye kiti cha pembeni Romano, mtafiti wa mimea, alijishika tumbo. Damu ilimchuruzika vidoleni.

"Nikupeleke hospitali?"

"Mbegu kwanza."

Redio ya mkononi ya Motorola ikakoroma. Alikuwa Malual, mkuu wake.

"Sanduku lisipande ndege. Umenielewa?"

"Sawa, afande."

Keller alijiita mfadhili. Asubuhi hiyo alimpiga Romano risasi ndani ya ghala baridi la mbegu, akabeba sanduku. Lilikuwa na pakiti mia mbili za mtama mwitu, zilizokusanywa kabla vita havijateketeza mabonde ulikoota. Waliomtuma walitaka kuumiliki peke yao.

Simu ikalia. Alikuwa Sanyu, mpakiaji mizigo kutoka Gulu, mpasha habari wake pale uwanjani.

"Madamu, mimi nimeweka trekta mbele ya ndege! Haiendi popote!"

"Kaa mbali nayo!"

Nyakuon alilivunja geti la uwanja kwa gari.

Keller alikuwa amekwama chini ya bawa la ndege. Alimwona. Risasi zilikuwa zimemwishia. Akalimwagia sanduku petroli, akainua kiberiti cha gesi.

"Ondoa trekta! La sivyo nachoma!"

Nyakuon alishuka na bastola yake ya Makarov mkononi. Hakuthubutu kufyatua. Cheche moja tu, na kila kitu kingeteketea.

Hatua kumi. Kidole cha Keller kilikuwa tayari.

Mlango wa gari ukafunguka. Romano alikuwa ameegemea bodi, midomo imempauka.

"Acha achome," alisema. "Hizo ni za maonyesho. Halisi nilipeleka Nairobi."

Keller aliinama kutazama lebo.

Kwa nukta moja tu.

Nyakuon aliruka. Kitako cha bastola kilimtua Keller shavuni, kiberiti kikaruka mbali. Keller alianguka kifudifudi, pingu zikamfunga kwenye gurudumu la ndege.

"Nairobi kweli?" Nyakuon aliuliza akihema.

"Uongo." Romano alikuwa ameketi chini. "Hakuna nyingine duniani."

Sanyu alimkimbilia, akamkandamiza jeraha kwa shati lake. "Bwana, usilale! Mimi naendesha gari. Tunaenda hospitali sasa hivi!"

Land Cruiser iliondoka kwa kasi.

"Ripoti," Malual aliita redioni.

"Mbegu zipo. Romano anapumua."

"Kuna kitu unahitaji?"

"Friza."

Nyakuon alizima redio. Akalipangusa sanduku, akalitia begani, akatembea polepole kuelekea ghala baridi la samaki la uwanjani, jua likimchoma mgongo.