Aliyejibu "Ipo"

Hadithi za mashetani kwangu huingia sikio hili zikatokea lile. Lakini hii kanisimulia shoga yangu, karani wa idara ya maji, na yule hana hata nguvu ya kutunga uongo.

Bosi wao alitaka jedwali la mita ligeuzwe: miezi iliyopangwa kwenda kulia ishuke chini, kila mwezi mstari wake. Kompyuta hugeuza mara moja, ila wao hawaiamini. Mmoja husoma jedwali la zamani kwa sauti, mwenzake, nyuma ya ubao unaogawa chumba, hutazama jipya na kujibu, "Ipo."

Walisoma tangu asubuhi mpaka macho yakawasha. Mchana umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha, kikawa giza totoro. Kompyuta ya shoga yangu ilikuwa na chaji, naye kwa uchovu akaendelea tu kusoma.

"Mita ya shule, Machi, arobaini."

"Ipo."

"Aprili, hamsini na mbili."

"Ipo."

Mlango ukafunguliwa. Mwenzake akaingia akimulika kwa simu, anahema.

"Samahani, dada. Nilikuona umesinzia, nikashuka chooni, umeme ukanikatikia hukohuko. Ngazi zote nimepanda kwa kupapasa."

Nyuma ya ubao kiti kililia kidogo, kama mtu anayejiweka sawa.

"Mei," ikasema ile sauti, taratibu. "Soma, tumalize. Hata mimi nimechoka."