Pua Mbili za Shangazi Kabagwira

Jumapili, saa nane mchana, picha ilikuwa ukutani sebuleni kwa kina Connie, mtaani Niboye, na ndani yake Shangazi Kabagwira alikuwa na pua mbili.

Connie ndiye aliyeipiga, siku ya gusaba, yaani siku mdogo wake, Ishimwe, alipoposwa. Familia mbili zilikaa zikitazamana chini ya hema. Connie alisimama katikati, akaizungusha kamera juu ya stendi, akapiga picha nyingi. Kisha akaziunga kwenye kompyuta ziwe picha moja pana.

"Connie mwanangu," shangazi alisema mbele ya wageni, "pua moja imenitosha tangu nizaliwe. Ya pili ya nini?"

Wageni wakaangua kicheko. Connie aliona aibu.

"Ulitikisika, Shangazi."

Kicheko kikakatika.

"Mimi?" shangazi aliuliza polepole. "Basi nisameheni."

Jioni Connie alimpelekea picha jirani yake Norman, anayepiga picha za nyumba zinazouzwa.

"Na nguzo ya hema," Norman aliuliza, "nayo ilitikisika?"

Connie akatazama. Nguzo ilikuwa imekatika vipande viwili, juu tu ya kichwa cha shangazi. Akashindwa kuinua macho.

"Fumba jicho moja," Norman alisema. "Inua kidole. Sasa geuza kichwa. Kidole kinahama mbele ya ukuta, sivyo?"

"Kinahama."

"Kwa sababu jicho liko mbele ya shingo. Lenzi yako nayo ilikuwa mbele ya stendi, ikahama kila ulipoizungusha, na picha hazikulingana. Hiki kichwa cha stendi yako, kinachozunguka kwa gololi, kinatosha kwa vilima vya mbali. Watu wakiwa karibu, chagua kichwa cha panorama, cha picha pana, chenye reli. Unairudisha kamera nyuma juu ya reli mpaka lenzi izunguke papo hapo ilipo."

"Nitajuaje imefika?"

"Simika fimbo mbili, moja mbele ya nyingine. Zungusha kamera. Zikiachana, sogeza tena. Zisipoachana, weka alama kwenye reli. Chukua kifaa changu ujaribu."

Asubuhi Connie alikwenda kwa shangazi.

"Hukutikisika, Shangazi. Nilitumia kifaa kisichofaa, kisha nikakusingizia."

"Yale uliyasema mbele ya watu," shangazi alijibu. "Haya utayasema wapi?"

Familia zilikutana tena baada ya harusi, siku ya kumtoa bibi harusi Ishimwe ndani. Connie alisimika stendi, akaweka kamera kwenye alama aliyoitia kwenye reli ya Norman. Kabla ya kupiga akasema kwa sauti, "Siku ile shangazi hakutikisika. Kosa lilikuwa langu."

Hakuna aliyecheka. Akapiga.

Jumapili iliyofuata picha mpya ilitundikwa. Nguzo ilikuwa nzima. Shangazi Kabagwira alivaa miwani, akasogea hadi ukutani, akaweka kidole kwenye kioo cha picha, juu ya pua yake.

"Moja," akasema.