Juzuu ya Nne ya Barua za Mtengeti

Mashine ya kisomatabaka ilikuwa inakula barua, na Dakta Chausiku Mhina, mhariri wa juzuu hii, hakuchoka kuitazama. Mwali mwembamba wa buluu ulipita juu ya bonge la karatasi zilizogandana, ukachuna ukurasa mmoja kama ganda la kitunguu, ukasoma wino wake, kisha ukurasa ukageuka unga na kudondoka kwenye trei ya chuma chini yake. Maneno yakatokea ukutani, safi kana kwamba yameandikwa asubuhi ile. Karatasi haikusomwa mara mbili; ikishasomwa, imekwisha.

Wino huo ulikuwa wa marehemu Faraji Mtengeti, mwandishi wa tamthilia na riwaya ambaye, wakati kila mtu anaongea na kioo cha simu, yeye aling'ang'ania kalamu. Mbishi wa kuzaliwa! Juzuu tatu za barua zake zilikwisha kutoka. Barua za hii ya nne zilitoka katika sanduku la shemeji yake, marehemu Mishi, aliyekuwa mwigizaji wake wa zamani na ndiye aliyeandikiwa. Sanduku lililala siku kumi ndani ya maji ya mafuriko, barua mia tatu na kumi na mbili zikashikana kama mkate wa kumimina.

Aliyelileta Jumba la Nyaraka, hapa Tanga, alikuwa Bi Msimu, mtoto pekee wa Mtengeti. Baba alimwacha ana miaka miwili, mama akafa, na Mishi, mdogo wa mama yake, akamlea. Bi Msimu hakudai chochote ila jibu la swali moja: jina lake limo? Maana Mishi alimwambia miaka yote, "Baba yako hajakuulizia hata siku moja." Leo, akiwa na miaka sitini na minane, alikuja kulisikia jibu.

"Shikamoo, mama," Chausiku alisema, akimvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Niambie tu, usinizungushe."

Chausiku akaigeukia mashine. "Tafuta jina Msimu."

"Barua mia tatu na kumi na moja zimesomwa," kisomatabaka kikajibu kwa upole. "Jina hilo halimo. Imebaki barua moja."

Bi Msimu alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua, akaikunja tena. "Hata kwenye salamu?"

"Salamu zipi, mama?"

"Ala! Mtu wa Tanga aandike barua asisalimie nyumba nzima? Fulani msalimie, fulani mpe mkono, mpaka paka!"

Chausiku akageuka kuitazama mashine. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiamuru mashine iruke salamu, tena kwa madaha, akiwachekesha wenzake kwamba salamu za Waswahili zikichapwa, kitabu kitahitaji punda wa kukibeba. Alitaka fikra za mwandishi, namna tamthilia zilivyozaliwa. Alikuwa mdadisi wa kila kitu, na hilo hakulidadisi.

"Turudishie salamu," aliamuru.

"Nilichoambiwa niruke sikukihifadhi. Ninajua idadi ya mistari tu. Kila barua, mistari sita."

Wote wawili wakaitazama trei iliyojaa unga.

"Mama, nimekukosea vibaya sana. Ni mimi, si mashine," Chausiku alisema. "Hiyo moja tunaweza kuiweka. Wanaunda mashine isiyoharibu karatasi. Miaka kumi hivi, itakuwa tayari."

"Miaka kumi? Nani kaniwekea? Soma, mwanangu. Usiruke kitu."

Mwali ukawaka. Yakaja mambo ya tamthilia, ugomvi na mpiga chapa, malalamiko ya jino. Kisha zikaja salamu.

"Nisalimie Mzee Sengasu na kikohozi chake. Nisalimie Mwanahawa, mwambie apunguze maji kwenye maziwa anayouza. Paka mpe kichwa cha samaki. Na Msimu je? Nimemuulizia katika kila barua tangu niondoke, Mishi, na kila mara unanijibu habari za mvua. Ameolewa? Ana watoto? Anacheka kama mama yake?"

Ukurasa ukadondoka, unga juu ya unga.

Chausiku alikuwa analia waziwazi. Bi Msimu hakulia. Alisimama mbele ya ukuta, akayasoma maneno yale kwa kidole, taratibu, mstari kwa mstari.

"Mama mdogo," alisema hatimaye, "Mungu akusamehe. Mimi bado."

Kisha akayarudia maswali kwa midomo tu, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

"Niliolewa, baba," akauambia ukuta. "Mara mbili. Nina watoto wanne." Akaweka kidole kwenye swali la mwisho. "Kama nacheka kama mama, hilo sijui. Hilo ungeniambia wewe."